Siku Mtaa Ulipoacha Kunong'ona

Mliponiaga pale ofisini mliniomba niandike niliyoyaona katika kazi ya ustawi wa jamii, mkasisitiza kwamba nisiandike kama ripoti. Nitajaribu, ingawa mkono ulioandika ripoti miaka yote hiyo umeshapata tabia zake. Vyeo sitavitaja. Vimo kwenye jalada langu, na jalada lenyewe limo kwenye lile kabati ambalo ufunguo wake mmeshaupoteza mara tatu. Nitaanzia Bunda, maana huko ndiko nilikofundishwa kazi, na ndiko nilikoshindwa mara ya kwanza.

Niliripoti Bunda nikiwa binti, nimevaa viatu vya kisigino nilivyonunua kwa ajili ya siku hiyo. Afisa niliyemkuta alikuwa Mama Tabitha, mwanamke mfupi wa umri wa mama yangu, mwenye sauti ya chini. Aliniangalia miguu, akaniambia tunakwenda kijijini sasa hivi. Jioni nilirudi nimeshika viatu mkononi. Kesho yake nilikuta ndala mpya juu ya meza yangu.

Mama Tabitha alikuwa na meza, benchi, ungo na kopo la maharage. Wiki mbili nzima nilidhani ni mtu anayependa kupika. Halafu akaletwa mtoto wa kiume aliyepigwa na baba wa kambo, mtoto aliyekaa siku nne bila kusema. Mama Tabitha akaketi naye sakafuni, akamwaga maharage kwenye ungo, wakaanza kuchambua. Hakumwuliza kitu. Ungo ulipofika nusu, mtoto akaanza kusema mwenyewe. Baadaye Mama Tabitha alinieleza kwamba mtoto akikutazama usoni atasema kile anachodhani unakitaka. Macho yakiwa kwenye maharage, hana haja ya kukufurahisha. Alinifundisha pia niulize mara moja tu, niandike maneno ya mtoto kama yalivyo hata kama ameyasema Kijita, nisiyasafishe, na nisimwahidi jambo ambalo halimo mikononi mwangu. Hayo mengine mliyoyasoma vyuoni ni mazuri, lakini mimi kazi nimeifanya kwa hayo manne.

Kesi iliyonishinda ilikuwa ya msichana wa miaka kumi, aliyeharibiwa na ndugu wa baba yake, mtu mwenye ng'ombe wengi. Tulifanya kila kitu. Polisi walikamilisha jalada, daktari alijaza fomu, mtoto alieleza vizuri. Siku ya kusikilizwa tulifika mahakamani mapema, mimi na Mama Tabitha, tukakaa. Hakuja mtu. Mama wa mtoto hakuja, mjumbe wa nyumba kumi hakuja, hata yule jirani aliyetoa taarifa hakuja. Wazee wa ukoo walikuwa wameshakutana. Nilipomfuata mama wa mtoto nyumbani, aliniambia bila kuniangalia kwamba wameyamaliza wao kwa wao, na akaniomba nisirudi tena maana majirani wananiona.

Njiani Mama Tabitha akasema, "Leo hatukushindwa na yule mwanaume. Tumeshindwa na kijiji. Siku nyingine tuanze na kijiji."

Sikumwelewa. Nilikuja kumwelewa miaka mingi baadaye, nikiwa Musoma, yeye ameshatangulia mbele ya haki.

Nje kidogo ya mji kulikuwa na chuo kikuu ambacho sitakitaja jina. Watu wa pale walikipenda kuliko hata walivyopenda serikali yao ya mtaa. Walikuwa wametoa mashamba ili kijengwe, na kilipojengwa kila mwenye kiwanja akasimamisha safu ya vyumba vya kupangisha wanafunzi. Mama lishe walipata wateja, bodaboda walipata abiria, na watoto wa shule ya msingi ukiwauliza watasoma wapi wakikua, walionyesha kidole upande wa lango la chuo.

Chuo kilikuwa na mkufunzi wa michezo. Nitamwita Mkufunzi tu, jina lake halitaingia kwenye karatasi yangu. Kila Jumamosi alikusanya watoto wa mitaa ya karibu kwenye uwanja wa chuo akawafundisha mpira. Aliwapa jezi, viatu, maandazi na juisi. Kwenye mikutano ya wazazi yeye ndiye aliyeombwa kufungua kwa sala. Barua ya kumruhusu kukaa na watoto ilipita mezani kwangu. Nilikwenda siku moja kukagua, nikaona watoto wanakimbia na kucheka, nikapewa soda, nikasaini. Sikuuliza ni mtu mzima gani mwingine anakuwepo. Sikuuliza nani anabaki na watoto mpira ukiisha. Soda ilikuwa baridi sana.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi nilipomkuta mwanamke kwenye benchi la nje, amevaa koti la bluu la wafanya usafi. Aliitwa Rhobi. Alisema alikuwa anasafisha jengo la michezo la chuo, na Jumamosi moja alifungua stoo ya jezi kuchukua ndoo, akamkuta Mkufunzi na mtoto wa kiume. Alichokiona alinieleza chote, na mimi niliandika chote, lakini hapa sitakirudia. Alikwenda siku hiyohiyo kwa mkuu wa chuo. Mkuu alimwambia huenda macho yake yalimdanganya, akamtaka afikirie jina la chuo kabla ya kufungua mdomo. Wakamhamishia mabweni ya mbali. Mwisho wa mwezi mkataba wake haukuongezwa, na tangu hapo ilikuwa imepita miezi mitatu.

Nilimwuliza kwa nini hakwenda polisi.

"Nilienda kwa wakubwa, mama," alisema. "Nilidhani pale wakubwa ndio polisi." Kisha akaongeza, "Mtoto mwenyewe namfahamu. Anakaaga Nyasho kwa bibi yake, yule anayekaanga dagaa langoni kwa chuo."

Nilikwenda Nyasho na askari wa kike wa dawati la watoto, yeye akiwa na gauni la kawaida. Mtoto nitamwita Baraka. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, mwembamba, mwenye masikio makubwa. Bibi yake, Bibi Nyangeta, alitukaribisha akidhani tumekuja kwa habari ya ada. Nilimwomba ungo. Mimi na Baraka tukakaa barazani tukachambua maharage, na yalipokaribia kuisha akasema sentensi tatu. Niliziandika kama zilivyo. Halafu akaniuliza kama bibi yake sasa atafukuzwa pale langoni, maana Mkufunzi alimwambia akisema, bibi hatauza tena dagaa.

Nilimwambia hajakosa kitu. Kuhusu bibi sikumwahidi, kwa sababu halikuwa mikononi mwangu. Niliingia ndani kumweleza Bibi Nyangeta. Alisikiliza hadi mwisho, akavua kitenge cha kichwani, akakikunja, akakivaa upya. Kisha akauliza hospitali tunakwenda lini.

Mkufunzi alikamatwa Jumatano. Kufikia Alhamisi mji mzima ulikuwa umeshaamua kwamba ameonewa.

Nilikuwa nimezoea watu kunyamaza, lakini sikuwa nimewahi kuona mji ukimkasirikia mtoto. Wanafunzi waliandamana na mabango ya kumpenda Mkufunzi. Walisema ni wivu, ni siasa, ni watu wasiopenda maendeleo. Kwa Baraka ilikuwa vibaya zaidi kwa sababu ni mvulana. Wanaume walicheka, wakasema jambo kama hilo huku halipo, na kama lipo basi halitajwi. Jina lake lilivuja siku ya pili, shuleni wakamtania, akaacha kwenda. Bibi Nyangeta aliendelea kubeba beseni lake hadi langoni na kulirudisha jioni limejaa. Bodaboda walimpita barabarani kama hawamwoni.

Mimi nilipata ya kwangu. Mzee wa kanisa alinifuata nyumbani Mwisenge akaniuliza, dada, umebakiza miaka michache ustaafu, ya nini kujitafutia maneno. Jirani yangu mwenye vyumba vya wanafunzi aliniuliza, chuo kikifungwa, vyumba vyake awapangishie popo? Lakini lililoninyima usingizi halikuwa hilo. Ilikuwa ile barua niliyoisaini. Kila nilipofungua jalada niliikuta, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri.

Ndipo nikakumbuka tulivyokaa wawili pale mahakamani Bunda. Jalada la Baraka lilikuwa zuri, lakini lile la Bunda nalo lilikuwa zuri. Nilimwendea mwenyekiti wa mtaa, Mzee Magesa, nikamwomba aitishe mkutano wa wazazi. Alikuna kichwa sana. Mwisho alisema ataitisha, ila isijulikane kwamba ni yeye, wala kwamba mimi nilimwomba. Nilimwuliza kama aliyeuitisha si yeye wala si mimi, watu watajuaje pa kwenda. Akacheka, akaandika tangazo.

Tulikutana Jumamosi alasiri kwenye darasa la shule ya msingi, na waliokosa nafasi walisimama madirishani. Mbele kabisa alikaa Masatu, mnunuzi wa samaki, sato na sangara, pale mwaloni wavuvi wanaposhusha, mtu mnene mwenye sauti inayofika mbali. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa wazazi wa timu ya Jumamosi, na yeye ndiye aliyezungusha karatasi ya sahihi za kutaka Mkufunzi aachiwe. Alikuwa nayo mkononi. Nyuma walisimama wanafunzi, wakiongozwa na binti aitwaye Anna, aliyebeba bango siku ya maandamano. Rhobi alikuwa mlangoni na koti lake la bluu. Alikuwa amelifua.

Mzee Magesa alinikaribisha haraka kama mtu anayekabidhi kitu cha moto. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya sheria ya mtoto, kurasa mbili. Niliziacha mezani.

"Jina la mtoto sitalitaja, na naomba lisitajwe na yeyote," nilisema. "Nataja langu. Barua ya kumruhusu yule mtu kukaa na watoto wenu niliisaini mimi. Nilikwenda mara moja, nikanywa soda, nikasaini. Kama mnatafuta wa kulaumiwa, msiende Nyasho. Mimi niko hapa."

Mtu mmoja dirishani akaanza kusema kwamba serikali ndiyo kawaida yake. Hakumaliza, kwa sababu Masatu alikuwa amesimama.

Aliinua ile karatasi ya sahihi. "Hii nimeizungusha mimi," alisema. "Mnanijua. Wangu alikuwaga anaenda kila Jumamosi. Halafu akakataa. Nikampiga. Nikamwambia mtoto mvivu, watu wanakutafutia maisha wewe unakataa." Sauti yake ilishuka. Watu hawakuwa wamewahi kumsikia akiongea kwa sauti ndogo. "Jana nimemwuliza. Nimemwuliza taratibu. Amenieleza. Kwa hiyo huyu wa Nyasho hasemi uongo, na siyo peke yake."

Aliikunja ile karatasi mara nne, akaiweka mfukoni, akaketi. Nilidhani kutatokea kelele. Hazikutokea. Mwanamke aliyekaa safu ya tatu akasimama, mama mwenye mtoto mgongoni, akasema maneno mawili tu: "Na wangu." Akafuata baba mwingine. Wa nne alinyoosha mkono tu kama mwanafunzi, na watu wakaelewa.

Masatu akainuka tena, akapasua katikati ya watu hadi mlangoni alipokuwa Rhobi. Mtaa mzima ulikuwa umeshamwita Rhobi mwongo, na Masatu alikuwa kiongozi wao. Alimwomba msamaha mbele ya wote, akimwita dada. Rhobi alimjibu kwamba amesamehe, na kwamba sasa wasirudi tena nyuma. Anna naye akaja mbele. Alilia kidogo, akafuta uso, akauliza wanafunzi wafanye nini. Nilimwambia yule mtoto wa Nyasho ameacha shule kwa kutaniwa, na hao wengine huenda nao wakaacha. Kuanzia Jumatatu, benchi la ofisi yangu lilijaa wanafunzi wa chuo wakiwafundisha watoto hesabu za sehemu, na baadhi yao hawakuzijua vizuri wao wenyewe.

Kwa jumla walijitokeza watoto saba.

Nyinyi mnazijua kesi. Upelelezi haujakamilika, hakimu yuko safarini, wakili wa utetezi anaumwa tumbo tarehe ileile kila mwezi. Wanaotetea watu kama wale wanategemea hilo, kwamba wazazi watachoka. Lakini Masatu alikuwa amenunua daftari akapanga zamu. Kila familia iliyoitwa mahakamani ilisindikizwa na watu wawili wa mtaa. Bodaboda wa Nyasho waliwapeleka bure, wa kwanza kujitolea wakiwa walewale waliompita Bibi Nyangeta barabarani. Kwa kuwa ushahidi wa watoto husikilizwa faragha, waliobaki walikaa nje kwenye nyasi, kina mama upande mmoja na kina baba upande mwingine. Tarehe ikiahirishwa waliinuka, wakakung'uta nguo, wakauliza nyingine lini. Karani wa mahakama aliniambia hajawahi kuona walalamikaji wanaowatisha watu kwa kukaa tu.

Kulikuwa na majaribu. Mjumbe kutoka kwa mkuu wa chuo alizungukia familia, akaahidi watoto watasomeshwa bure hadi chuo kikuu kama mambo yatamalizwa kwa hekima. Alifika kwa Masatu pia. Masatu alimkaribisha chai, akamwambia ni jambo zuri, aliandike kwenye karatasi na kusaini ili mke wake asome. Yule mtu aliandika. Asubuhi yake Masatu aliipeleka karatasi ile polisi. Tangu mjumbe alipotoka pale, hakuna familia nyingine iliyomfungulia mlango.

Rhobi alipotoa ushahidi, wakili alimwuliza amesoma hadi darasa la ngapi, na kama mtu wa elimu yake anaweza kuelewa mafunzo ya michezo yanavyofanyika.

"Darasa la nne sikumaliza," alisema Rhobi. "Lakini mlango niliufungua mimi."



Baraka aliingia mwezi uliofuata. Nilikaa kando yake. Hakimu, mwanamke wa makamo, alishuka kwenye kiti chake akaja kuketi nasi mezani. Nilimwona Baraka akiangalia vidole vyake, nikaogopa. Halafu akainua kichwa akasema yaleyale aliyoyasema barazani, akaongeza na mengine. Alipoulizwa kama amefundishwa cha kusema, alijibu kwamba amefundishwa hesabu tu. Tulipotoka, wale wa kwenye nyasi waliinuka wote. Nilikuwa nimewaomba wasipige vigelegele, wasimfanye mtoto maonyesho. Hawakupiga. Walisimama tu, wanawake na wanaume, bodaboda wakiwa wamevua kofia zao ngumu, hadi Baraka na bibi yake walipopita. Katika miaka yangu yote ya kazi sijaona heshima kama ile ikitolewa kwa mkubwa yeyote.

Siku ya hukumu sikuwakataza. Hakimu alipotamka kwamba Mkufunzi ana hatia, na kwamba atatumikia miaka thelathini, vigelegele vilianzia dirishani vikaenda hadi barabarani, na pikipiki zikapiga honi. Bibi Nyangeta alikuwa amekaa karibu nami. Alinishika mkono akaniuliza, "Imeisha kweli?" Nikamwambia imeisha. Akasema basi awahi, mafuta ya kukaangia ameyaacha kwa jirani.

Mkuu wa chuo aliondolewa na baraza la chuo, na miezi michache baadaye yeye naye alisimama kizimbani kwa kuficha kosa. Baraza lilikuja kuomba radhi katika darasa lilelile la shule ya msingi, wakakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa karibu na kidevu. Wakamwomba Rhobi arudi kazini, safari hii kama msimamizi. Alikubali kwa sharti moja, kwamba kila mlango wa stoo ukatwe dirisha la kioo. Yalikatwa wiki ileile. Jumamosi za mpira zilirudi, lakini kwa ratiba ya wazazi, wanne kila wiki, na Masatu akiwa mmoja wao zaidi ya zamu yake. Chuo hakikufungwa. Jirani yangu vyumba vyake vimejaa, na popo wameendelea kukaa darini. Kuhusu Baraka nitasema tu kwamba yuko sekondari na kwamba ni mzima. Mengine ni maisha yake.

Na nyinyi mnaosaini barua: nendeni mara mbili, na ya pili msitoe taarifa. Soda ikatalieni.

Miaka yangu ya mwisho niliifanyia Butiama. Mwezi mmoja kabla ya kustaafu, asubuhi ya siku ya kuhudumia wazee, foleni ilikuwa imefika nje, wengi wamefuata barua za matibabu. Zamani baba ambaye mwanawe amedhuriwa, kama alikuja kabisa, alikuja saa ya chakula watu wakiwa wametoka, akapitia mlango wa nyuma, akaanza kwa kusema ni habari ya mtoto wa rafiki yake. Asubuhi ile alifika mfugaji mmoja aliyevaa buti za mpira zenye matope, amemshika mkono binti yake wa miaka tisa hivi. Hakunijua, nami sikumjua. Alisimama mlangoni akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeulizia bei ya chumvi:

"Mama, kuna mtu amemgusa mwanangu. Tumekuja kusema."

Mzee aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, aliyefika tangu alfajiri, aliondoa fimbo yake njiani. "Pita mbele, baba," alisema. Foleni nzima ikasogea ukutani. Binti akaachia mkono wa baba yake, akatembea katikati yao, akavuta kiti kilichokuwa mbele ya meza yangu, akakaa kabla sijamkaribisha.